Sifuri ya Bwana Kiasi Gani

Mitaani walimwita Bwana Kiasi Gani, maana hilo ndilo swali lililomlisha. Benki kuu ilimtuma nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanaweka fedha taslimu kiasi gani mkononi, ili wakubwa wakadirie nchi inahitaji noti ngapi.

Kila dodoso jipya alilijaribia nyumbani kwanza. Mkewe akiwa anamenya vitunguu, yeye hubisha mlango wa jikoni kama mgeni.

"Mama mwenye nyumba, nje ya benki una kiasi gani?"

"Sina hata senti, bwana mkubwa. Nimeolewa na mkono wa birika."

"Pole, mama. Wanaume wengine ni mtihani." Huku anacheka, anaandika sifuri.

Kumbe chini ya debe la unga kulikuwa na bahasha. Mwaka wa tisa huo mke alikuwa akidunduliza, ili mumewe akistaafu wapande treni, wakakae siku tatu mahali ambapo hana mlango wa kubisha. Alipanga kumwambia siku hiyohiyo ya kustaafu.

Mungu akamchukua mumewe ikiwa imebaki miezi minne astaafu. Kazi ya Mungu haina makosa, naye mjane hakubisha. Ila kila akishika kitunguu, masikio yalikwenda mlangoni.

Wiki ya sita alikuja mfanyakazi mwenzake na marehemu.

"Pole tena, shemeji. Nimefuata yale madodoso aliyoyaacha."

Mjane akamtolea kasha. "Kabla hujayachukua, nirekebishie langu. Nilimdanganya miaka yote tisa, na nafsi inanisuta."

Akaweka bahasha mezani, unga bado umeganda pembeni. Mwenzake akapekua karatasi, kisha akamsogezea moja. Kando ya sifuri, kwa penseli, mwandiko ulikuwa wa mumewe: *Debe la unga. Ana lake jambo, nisimharibie. Sifuri za watu ziongezwe kidogo.*

"Ndiyo maana makadirio yake yalikaribia ukweli kuliko yetu," mwenzake alisema. "Sisi sifuri tuliziamini."

Mjane akaisoma mara mbili. Mumewe alijua, na hakuuliza za nini.

"Toka nje, shemeji. Bisha, uniulize kama yeye."

Mwenzake akatoka, akabisha mlango wa jikoni taratibu. "Mama mwenye nyumba, nje ya benki una kiasi gani?"

Sauti haikuwa ile. Hata hivyo alijifuta mikono kwenye kanga, akajibu.

"Nauli ya watu wawili."