Lori la Bluu Limezima Tena

Mzee Gia aliendesha malori ya masafa marefu tangu ndevu hazijamkolea mpaka zikaota mvi. Jina hilo alipewa na madereva wenzake, kwa sababu alikuwa akibadilisha gia bila lori kushtuka, utingo aliyelala asijue kama wamepanda mlima. Mgongo ndio uliomshusha barabarani. Pingili za kiuno zilichoka na daktari akamkataza kushika usukani, basi akarudi kukaa nyumbani na mkewe, ambaye katika maisha yao yote ya ndoa alikuwa amemwona kwa mafungu mafungu tu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule sebuleni, karibu na dirisha, na nyumba alishaizoea iwe yake peke yake. Mume alipoanza kushinda ndani, mara afungue kabati, mara aulize kwa nini ndoo imehamishwa, mama wa watu akawa anashona huku ameng'ata pini midomoni ili asimjibu.

Aliyeleta dawa ni mkwe wao, mume wa binti yao wa pekee, kijana mpole mwenye duka la kutengeneza kompyuta. Siku moja alikuja amekumbatia boksi zito. Akafunga kompyuta kwenye chumba kidogo cha uani, mama alikowekea majora ya vitambaa, akaweka na gemu ya kuendesha malori.

"Haya baba, hii haitaki mgongo," alisema. "Mshale huu mafuta, huu breki. Mengine unayajua kuliko mimi."

Mzee Gia alidharau kwa muda mfupi sana. Kabla chai haijapoa alikuwa amepakia mbao kwenye lori la bluu na kushika njia. Kuanzia hapo nyumba ikatulia. Baba alikuwa safarini, mama kwenye cherehani, wakakutana wakati wa kula kama zamani, tofauti ni kwamba sasa chakula hakikumngoja kikapoa.

Kisha gemu ikaanza kuzima.

Mara ya kwanza ilimkuta anateremka mlima mrefu na tela limejaa saruji. Picha iliganda, mngurumo wa injini ukakwama kwenye sauti moja kama mtu anayelia bila kuvuta pumzi, halafu kioo kikawa cheusi. Alipowasha tena, lori lilikuwa limerudi lilikoanzia na safari yote ilikuwa imepotea. Alivumilia. Lakini ikazima tena mara ya pili, ya tatu, hata pale alipokuwa ameegesha tu anaangalia ramani. Akampigia mkwe simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Lori lako limenifia njiani."

"Izime kabisa, baba, halafu uiwashe."

"Niizime nini? Si imejizima yenyewe!"

Mkwe alimwelekeza kwa simu jinsi ya kuifuta gemu na kuiweka upya. Mzee alifuata hatua kwa hatua, miwani puani. Ikakubali, ikaenda vizuri siku kadhaa, akaanza kujisifu mezani. Siku moja alipotoka hospitali kufanyiwa mazoezi ya mgongo, akaketi, akawasha, hata lori halijatoka kwenye geti la bandari ikazima.

Sasa Mzee Gia alikuwa mtu wa injini, na mtu wa injini habahatishi. Alibadilisha waya wa umeme na kuhamishia kompyuta kwenye soketi nyingine. Akapunguza sauti na kujaribu lori jekundu badala ya la bluu, kitu kimoja kwa siku, ili ajue kipi ni kipi. Hakuna kilichosaidia. Ila aligundua jambo moja lililomkosesha raha: akishinda nyumbani gemu ilimstahi angalau kwa muda. Akitoka kwenda mazoezini, akirudi ilizima papo hapo. Yaani kulikuwa na kitu kilichofanyika yeye akiwa hayupo.

Akaanza kukikagua chumba kama anayekagua tela lililovunjwa lakiri. Kiti chake, ambacho hukisogeza nyuma kwa sababu ya miguu yake mirefu, kilikuwa kimevutwa mbele. Boksi la kompyuta lilikuwa la moto kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi, na yeye ndio kwanza anaingia. Halafu kipanya. Yeye hukiacha kulia kwa kibodi. Kilikuwa kushoto.

Katika nyumba ile mashoto alikuwa mmoja tu.

Alimfuata sebuleni, akasimama mlangoni akijifanya anatafuta kitambaa cha kufutia miwani.

"Mama watoto, kuna mtu aliingia kule uani?"

"Nani aingie?" Mkewe hakuinua macho kwenye kola aliyokuwa akiishona. "Mimi na hayo madude yako tunajuana wapi?"

Jibu lilikuja haraka mno. Mzee Gia alikuwa amehojiwa na askari wengi wa barabarani, alijua jibu lililoandaliwa linavyosikika.

Tangu siku hiyo akala huku anamtazama. Akakumbuka kwamba wiki iliyopita alimkuta mkewe kule uani na utepe wa kupimia, anapima upande wa dirisha, na alipoulizwa alisema "napima tu." Napima tu! Mtu hupima bure? Akaanza kuona picha yote: wanataka kumtoa. Chumba kigeuzwe karakana ya kushonea, mashine ya pili iingie, yeye na lori lake wapelekwe barazani na vumbi. Na kwa kuwa hawawezi kumwambia kwa mdomo, wanaiharibu gemu polepole ili aichukie mwenyewe.

Kwa nini alisema wanataka, wakati mshukiwa ni mmoja? Kwa sababu ya mkwe. Alipompigia tena, kijana aligugumia.

"Labda… labda ni joto tu, baba. Mama hajambo lakini?"

"Mama ameingiaje hapa?"

"Nasalimia tu, baba."

Jioni hiyohiyo, akipita koridoni kutoka kunawa, alimsikia mkewe anaongea na simu kwa sauti ya chini, anacheka. "Usimwambie chochote. Huyo niachie mimi." Mzee Gia alisimama na maji yanamtiririka vidoleni. Kucheka ndiko kulikomuuma.

Siku ya mazoezi iliyofuata alivaa kama kawaida, akaaga kama kawaida, akatoka. Alipofika kona ya duka la vipuri alisimama, akajifanya anasoma matangazo ukutani. Muuza duka akamwamkia, naye akaitikia bila kugeuka. Alipoona muda umetosha alirudi kwa uchochoro wa nyuma na kufungua mlango wa uani taratibu, huku anabana pumzi kwa maumivu ya kiuno.

Alisikia lori kabla ya kuliona. Injini ilikuwa inanguruma kwenye gia ambayo yeye asingeitumia hata kwa kulazimishwa.

Akachungulia. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kiti kilichovutwa mbele, utepe wa kupimia bado shingoni, kifua kimekaribia kioo. Lori lilikuwa la kijani, ambalo hajapata kuliona. Picha ilikuwa safi ajabu, majani ya miti yakionekana moja moja. Na mama yule, ambaye kanisani na misibani hakujulikana kwa maneno mengi, alikuwa anamtukana dereva wa basi.

"Pita basi, pita! Una haraka ya kwenda kufa?"

"Nani anakufa?" Mzee Gia akauliza.

Mkewe alishtuka, lori likapanda ukingo wa barabara na kugonga bango. Hakulia wala kuomba radhi. Alivua miwani, akamgeukia.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Nilijua unanivizia."

"Nakuvizia mimi? Wewe ndiye unayeniharibia gemu!"

"Mimi? Si wewe uliyeitegesha inizimie? Kila nikikaribia kufika, paa, giza. Nikasema huyu mzee amejua, sasa ananikomoa kimyakimya."

Ikawa kila mmoja alikuwa na mashtaka yaleyale dhidi ya mwenzake. Maswali yakatoka kwa fujo, na majibu pia. Mkwe ndiye aliyemfungulia mama ukurasa wake ndani ya gemu, wenye lori lake na safari zake, naye akaapishwa anyamaze. Macho ya mama hayakuona vibao vya barabarani vizuri, hivyo akapandisha ubora wa picha mpaka mwisho, bila kujua kwamba picha ya namna hiyo inaibebesha kompyuta mzigo mzito. Na utepe? Alikuwa anapima pazia, jua la mchana lilipiga kwenye kioo.

"Sasa kwa nini kwa siri?" Mzee Gia aliuliza. "Ungesema unataka kujifunza, ningekufundisha."

Mkewe alilirudisha lori barabarani kwanza.

"Sikutaka kujifunza. Nilitaka kuona," alisema. "Miaka yote ulikuwa unaniambia nimechelewa kwa hivi, nimelala njiani kwa vile. Mimi ningejuaje? Sijapata hata kukaa kwenye lori. Nikasema ngoja niiendeshe mwenyewe hiyo njia, nione."

"Ukaona nini?"

"Nimeona usingizi ni kweli. Hata mle ndani dereva anasinzia, kioo kinafumba, unalazimika kuegesha. Hilo nilikuwa sikuamini, nimeliamini." Akavaa miwani. "Lakini kwenda na mzigo ni safari ndefu, sawa. Kurudi tela tupu lori linapaa. Wewe kurudi ndiko kulikuwa kunachukua siku nyingi kuliko kwenda. Ulikuwa wapi?"

Mzee Gia aliketi juu ya jora la kitambaa. Alitegemea kumshika mtu, na sasa yeye ndiye aliyeshikwa.

"Mizani," alisema. "Foleni ya mizani, mama watoto. Na kungoja mzigo wa kurudi nao, unaambiwa kesho, kesho. Mle ndani hawajaweka foleni."

"Hawajaweka," mkewe alikubali. "Labda."

Hilo *labda* lilikaa chumbani kama mtu wa tatu. Papo hapo injini ilikwama kwenye sauti moja, miti mizuri ikaganda, kioo kikawa cheusi.

Kesho yake mkwe alikuja na bisibisi, akifikia sebuleni kwa uso wa mtu anayekwenda kuomba msamaha. Alifungua boksi mbele yao wote wawili. Ndani, feni ilikuwa imevikwa blanketi: nyuzi za bluu, nyuzi nyeupe, manyoya ya vitambaa vya sare yaliyovutwa humo kila siku mpaka hewa ikakosa pa kupita.

"Basi ni joto," alisema mkwe. "Nilisema ni joto."

"Ulisema labda," Mzee Gia alimjibu. "Na wewe nitakusikiliza baadaye."

Waliisafisha kwa brashi ya kuoshea chupa. Ubora wa picha wakaushusha katikati, mama akaongezewa ukubwa wa vibao. Majora yakahamia sebuleni, pazia likatundikwa. Gemu haikuzima tena siku ile, wala wiki ile.

Wakagawana mchana. Ila ilipofika zamu ya mkewe, Mzee Gia hakuwa na pa kwenda, akawa anavuta kigoda na kukaa kando yake kama utingo. Alimwonyesha namna ya kuingia kwenye kona bila tela kukata ndani, na mama alikuwa mwepesi wa kushika, mwepesi kuliko vijana wengi aliowahi kufundisha. Alipenda kumtazama. Hakupenda mkewe alipoegesha.

Kwa sababu kila walipofika kwenye kituo cha mapumziko, mkewe alizima injini, akazungusha kamera polepole: pampu za mafuta, choo, kibanda cha chakula chenye taa.

"Na hapa," alikuwa anauliza, bila hasira, "mlikuwa mnahudumiwa na nani?"

Naye alimjibu, mara nyingine vizuri, mara nyingine vibaya. Mkewe alikuwa anasikiliza mpaka mwisho, kisha anawasha lori na kuendelea na safari.