Siku Mama Alipompa Mtani Wake Shikamoo

Mama yangu ni Mzaramo wa Marui, na jirani yake pale Kisarawe mjini ni mzee wa Kinyamwezi aliyestaafu kazi ya reli. Ni watani, basi hapo hakuna salamu. Mzee akipita uani humwuliza mama kama bado anapumua, na mama humjibu kwamba anasubiri mpagazi wake atangulie kupeleka mizigo ahera. Wakishatukanana vya kutosha wanakunywa chai. Nilikua nikidhani ndivyo watu wazima wanavyopendana, na mpaka leo sijaona sababu ya kubadili mawazo.

Kansa ya titi ilipomwingia mama mifupani, matusi yalizidi utamu. Mzee alikuja na futikamba eti apime kaburi. Mama akamwambia apime pana, maana atamlaza yeye chini awe godoro. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Dawa mama alikuwa anameza, kliniki anakwenda, ugali anakula.

Kisha ikaja ile wiki ya maji. Mama akawa na kiu ya ajabu: anakunywa kata kwa kata, anakwenda haja ndogo, anarudi anakunywa tena. Haja kubwa ikagoma kabisa. Chakula hataki, analala tu. Mimi nikiwa kwangu Tumbi napewa habari kwa simu. Mama mdogo, ambaye hakuna ugonjwa asioujua, akasema ni mifupa inaomba nguvu. Akanunua vidonge vya kalsiamu duka la dawa, akachemsha supu ya mifupa, maziwa asubuhi na jioni. Jamani, alilishwa kwa mapenzi yule mama!

Jumamosi nilipofika Kisarawe nilikuta mikeka imeshatandikwa uani. Mama alinitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Mama mdogo na shangazi walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini, azikwe Marui au hapohapo Kisarawe. Waliniambia ugonjwa umeshapanda kichwani, tumwachie Mungu. Nilikaa sakafuni nikalia.

Ndipo mzee akaingia, akamwuliza mama, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, mbona anawachelewesha watu na ubwabwa wao wa msiba. Mama akageuza kichwa polepole.

"Shikamoo, baba," akasema. "Karibu ukae."

Mzee akarudi nyuma mpaka mlangoni. Huyu nimemwona misibani akijilaza ndani ya kaburi eti maiti haingii mpaka alipwe, watu wanalia huku wanacheka. Hofu sijawahi kumwona nayo. Alinishika mkono akanitoa nje.

"Mtani anayekufa bado hunitukana, ila kwa sauti ndogo," akaniambia. "Huyu amenipa heshima. Mama yako hayumo mle ndani, nendeni mkamtafute. Mpelekeni hospitali."

Shangazi akasema tunamsumbua mgonjwa bure. Mzee akamwambia abaki na mikeka yake, akaita gari la mwanawe, tukampakia mama mpaka Kibaha.

Daktari, binti mwenye miwani, hakuanza na kansa. Aliuliza habari za kiu, haja, usingizi, na vitu anavyomeza. Nikamtolea vile vidonge, nikamsimulia na supu. Akaviweka pembeni bila kutugombeza, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka alituambia kalsiamu kwenye damu ya mama imepanda mno. Kansa inaimega mifupa, kalsiamu yake inamwagikia kwenye damu, na ikizidi huko figo zinapoteza maji hovyo na ubongo unazubaa. Watamtundikia dripu za maji, kisha dawa ya kuizuia mifupa isizidi kumeguka. Nikauliza akili zake zitarudi? Akasema mara nyingi hurudi, tusubiri siku chache. Nilisubiri roho mkononi.

Siku moja, saa ya kuona wagonjwa, mzee akaingia wodini. "Mzaramo, nimefuata ubwabwa wangu." Mama alikuwa amefumba macho. Nikaomba Mungu, asiseme shikamoo. Yarabi, asiseme shikamoo.

"Ubwabwa gani, mpagazi wewe," mama akasema, macho bado kayafumba. "Kanawe miguu kwanza, wodi nzima inanuka."

Nilipiga vigelegele mpaka nesi akaja kunitoa, naye anacheka. Nilimkumbatia mama wa kitanda cha pili, nisiyemjua hata kidogo, akanikumbatia na yeye. Mzee alitoka nje eti kunawa miguu, akakawia. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na mama akamtukana kwa hilo pia.

Mzee alipoondoka, mama akaniambia nikae kitandani. Akaniuliza kama amepona. Kwa furaha niliyokuwa nayo ningeweza kumwambia chochote. Nikamwambia alivyosema daktari: kalsiamu imeshuka, inaweza kupanda tena, atakuwa anarudi kwa ile dripu. Kansa ipo palepale.

"Kufa nitakufa, mwanangu. Ila nife nikiwa mimi," akasema. "Na mwambie mama yako mdogo na shangazi yako, ni Marui. Basi. Sasa nitafutie mihogo ya kukaanga, na pilipili isiwe ya kitoto."

Nilitoka mbio, nalia, nacheka, mpaka nje ya geti. Muuza mihogo akaniuliza, dada, kuna nini? Nikamwambia mama yangu ana njaa.