Siku Niliyomlilia Mama Mkwe Akiwa Hai

Jambo hili nimelificha miaka mingi kwa sababu ya aibu, lakini wale ambao ningewaonea haya wametangulia, basi wacha niseme.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, waasi wa huku kaskazini mwa Kenya. Mama mkwe wangu, tuliyemwita Ayyo, alikuwa ametolewa Garbatulla akaja kukaa nasi hapa Isiolo, na alikuja na magonjwa yake yote: sukari, presha, magoti, na macho yaliyoanza kufifia. Dresa wa zahanati alikuwa amempa dawa tatu katika bahasha tatu, na mimi (bibi harusi wa miezi minne, najiona mwerevu) nikaona bahasha zinararuka, nikazimwaga zote katika mkebe mmoja wa majani chai. Nilijiambia nitazijua kwa macho.

Asubuhi moja askari walituamsha kwa msako, watu wote uwanjani, haraka. Nikampa Ayyo vidonge vyake mbiombio, bila chai, bila hata kipande cha mkate wa anjera, tukatoka.

Tulikaa juani mpaka saa nne. Ayyo akaanza kutetemeka, akamwita askari mmoja kwa jina la marehemu mume wake, akamuuliza kama ngamia wamekunywa. Watu wakacheka, nami nikatamani ardhi inimeze. Halafu akalala chini, kimya, baridi kama mtungi. Sikumgusa hata kifua. Nikapiga yowe kwamba Ayyo amefariki, wanawake wakalipokea, na kufumba na kufumbua uwanja mzima unalia, askari wameinua bunduki, mzee mmoja ameshaanza dua.

Akaja Mama Karimi, Mmeru muuza mboga ambaye hata salamu tulikuwa hatupeani vizuri (siku hizo kila mtu alimshuku mwenzake). Aliwapita askari bila kuomba ruhusa.

"Huyu hajakufa," akasema. "Maiti haitoi jasho. Mama yangu alikuwa na sukari, najua hii, imemshuka. Nani ana sukari ya chai?"

Yule askari aliyeitwa mume ndiye aliyeitoa, katika karatasi, mfukoni mwake. Mama Karimi akampaka Ayyo ndani ya shavu, kidogo kidogo, akingoja ameze. Baada ya muda Ayyo akafumbua macho akauliza, "Mbona mnalia? Nani amekufa?"

Wote waliniangalia mimi.

Dresa alipofika aliomba kuona dawa. Nikamfungulia mkebe mbele ya umati.

"Ya presha ni gani?"

"Hiyo nyeupe."

"Na ya sukari?"

"Nyeupe."

"Na ya magoti?"

Nikainamia mkebe; nayo ilikuwa nyeupe. Dresa alipozihesabu, kumbe asubuhi ile nilikuwa nimempa za sukari tatu kwa mpigo. Watu walicheka mpaka askari wakacheka.

Nilingoja Ayyo amwambie mwanawe anirudishe kwetu. Hakumwambia. Jioni alinishika mkono tu, akasema, "Siku nikifa kweli, najua utanililia vizuri."

Nilimshonea vifuko vitatu vya rangi tatu, na kila kidonge nilikitoa baada ya kumwona ametafuna chakula. Aliishi nasi miaka kumi na mmoja zaidi. Mama Karimi akawa dada yangu, na hadi leo namwombea, yeye na yule askari ambaye sikumuuliza jina.