Nusu Milimita Nzima

Jirani yangu wa mashine tulimwita Unywele, kwa sababu kila kazi ikikaribia kwisha alisema, "Bado unywele mmoja." Miaka ishirini na sita anakereza vyuma, na majivuno yake hayakuenea karakanani. Lakini mwaka huu aliharibu shafti mbili, na msimamizi akamwambia wazi: ya tatu, unaondoka kwenye mashine.

Juzi bintiye, anayesoma fizikia chuoni, alimletea chakula. Akakaa juu ya boksi la spana, akatupa habari za ajabu.

"Baba, gawa milimita moja kwa kumi. Rudia hivyo kama mara thelathini na mbili. Wataalamu wanadhani hapo urefu unafika mwisho. Hakuna kidogo zaidi."

"Uongo! Kila kitu kinakatika."

"Hakuna aliyepima, Baba, ni hesabu tu bado. Lakini ukitaka kuona kitu kidogo zaidi unahitaji mwanga wenye nguvu zaidi. Ukifika pale, nguvu yenyewe inajirundika mpaka inafanya shimo jeusi, linalomeza hichohicho ulichokuwa unakitafuta."

Unywele akanuna. Akaenda kwenye shafti ya pampu iliyokuwa mashineni, bintiye nyuma yake. Mimi nikabaki nimekaa, nawaza lile shimo. Unywele akaibana shafti kwa maikromita, kile kipimo cha unene, akasogeza macho, akayarudisha nyuma, akasogeza tena.

"Imezidi nusu milimita na ushee," akatangaza. "Sasa tazama baba yako anavyokata."

Akakata. Msimamizi alipokuja kuvisha beringi, ikacheza kwenye shafti kama pete ya kuazima.

"Mashine ilitetemeka," nikadakia kumtetea.

Bintiye alikuwa ameinamisha kichwa. "Ulisoma vibaya, Baba. Mstari wa nusu ulikuwa haujatokea kwenye kipimo; ilizidi ule ushee tu. Niliona, nikaogopa kukuaibisha mbele za watu."

"Nusu milimita?" Unywele akaichukua tena maikromita. "Nusu nzima, mwanangu, na sikuiona?"

Msimamizi akazima mashine, akanyoosha mkono apewe aproni. Hakugomba, na hilo liliuma zaidi.

Sikuweza kumtazama Unywele. Mwaka mzima nilijua macho yake yamekwisha. Kila aliposoma kipimo nilijipitisha nyuma yake nikasoma na mimi, na akikosea namtania mpaka apime upya kwa hasira. Zile shafti mbili ziliharibika siku nilizokuwa mgonjwa. Juzi nilikuwepo, mzima kabisa, hatua tatu tu kutoka alipokuwa, nimekaa nawaza shimo.