Nguruwe Walipokohoa Barabara ya Kisorya

Mwaka tuliohamishiwa vijiji vya ujamaa, nguruwe wa shangazi yangu walianza kukohoa.

Nilikuwa nimeajiriwa ofisi ya mifugo, Musoma, msichana peke yangu kati ya wanaume. Habari niliipata kwa utingo wa basi la Bunda, kijana wa kijiji cha shangazi. Nguruwe wanakohoa, akasema, watu nao wanakohoa, na mjukuu wa shangazi yako hali yake si nzuri.

Siku hizo tulikuwa na mgeni, daktari wa mifugo kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa akitafiti mafua ya wanyama. Kila asubuhi alikwenda ufukweni kupangusa makamasi ya bata kwa vijiti vya pamba, na watu wa mjini walimcheka. Nilipomweleza habari za nguruwe aliacha chai mezani.

"Watu na nguruwe, kwa wakati mmoja?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

Tuliondoka na Landrova ya ofisi, kasha la barafu likigongagonga nyuma. Tulipoipita njia panda ya Butiama alikuwa bado ananieleza. Mafua ya bata hayampati mtu kirahisi, alisema, lakini nguruwe anaweza kuyapokea ya bata na ya mtu pia. Yakikutana ndani ya nguruwe mmoja yanaweza kuchanganyika, yakatoka mafua mapya ambayo hakuna mwili unaoyajua. Nilikuwa nikimfikiria mjukuu wa shangazi. Alikuwa bado ananyonya.

Zamani mji wa shangazi ulikuwa peke yake mlimani, na nguruwe walikaa mbali, bondeni. Sasa nyumba zilikuwa mistari miwili kando ya barabara ya Kisorya. Banda la nguruwe liligusana na jiko, na bata wa jirani walikunywa kwenye birika la kunyweshea nguruwe. Daktari alisimama akalitazama birika lile kwa makini.

Shangazi alitoka na mtoto mgongoni. Nilimsikia mtoto akipumua kabla sijamwamkia shangazi.

Tulianza na nguruwe. Nilimfunga jike kamba kwenye taya la juu, daktari akampangusa pua, kisha akamtoa damu kwenye mshipa wa sikio. Nilipoinua kichwa, wanaume walikuwa wamejaa uani. Wengine walikuwa na mikuki. Aliyetangulia alikuwa jirani wa shangazi, mwenye wale bata.

"Hiyo damu mnaipeleka wapi?" akauliza.

"Maabara, ikapimwe," daktari akajibu.

"Mlituhamisha tukanyamaza. Sasa mnakujaga kutunyonya damu?"

"Ni damu ya nguruwe, mzee."

"Leo ya nguruwe. Kesho?"

Mtu mmoja nyuma akasema magonjwa haya yalianza na nguruwe wa mama huyu, wachomwe moto banda na vyote. Wengine wakaitikia. Duara likasogea. Kamba ikataka kuniponyoka, na jike akapiga kelele zilizozidi kuwaudhi.

Shangazi akaniuliza kwa Kijita, lugha yetu, pole pole, "Mwanangu, huyu bwana akikuta ugonjwa, nguruwe wangu watauawa?"

Nilimtafsiria daktari. Akafuta miwani yake. "Mwambie sijui. Siwezi kuahidi kitu nisichokijua."

Ningeweza kumwambia shangazi maneno matamu. Alikuwa dada wa baba yangu. Nguruwe wale ndio waliomsomeshea watoto. Lakini wale wanaume wote walikuwa wananisikiliza, na kesho ningekuwa Musoma naye angebaki nao. Nikasema kwa sauti, kwa Kijita, ili kila mtu asikie: daktari hajui kama nguruwe watauawa. Hajui kama ni nguruwe waliowaambukiza watu, au watu waliowaambukiza nguruwe, au wote wamepata kwa bata. Ndiyo maana amekuja.

"Bata wangu wanaingiaje?" jirani akauliza.

Watu wakamgeukia yeye.

Shangazi akaufungua mlango wa banda wazi kabisa. "Pimeni wote," akasema. "Na mimi mnipime, na huyu mtoto." Akaketi kwenye kinu, akainua uso. Daktari akampangusa pua mbele ya macho yao, kwa kijiti cha aina ile ile. Baada yake wakaja wanawake wawili. Wanaume hawakuja, lakini mikuki ilishuka.

Tulimpeleka mtoto na mama yake hospitali ya Bunda kwa gari lile lile, shangazi akimpepea mtoto njia nzima. Kichomi, walisema. Tuliwaacha pale, tukakimbia Musoma kabla barafu haijayeyuka.

Kilichofuata nilikipata kwa kusimuliwa. Jioni ile ile watu walimlazimisha jirani kuwachinja bata wake wote. Kisha wakarudi kwa nguruwe, lakini binti mdogo wa shangazi alikuwa ameshawaswaga hadi kwenye vichaka vya ziwani, akakaa nao huko akiwalisha mizizi ya mihogo. Giza liliingia, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Majibu yalichelewa sana. Mtoto alikuwa ameshapona na anatambaa. Nguruwe walikuwa na mafua, ndiyo, lakini yalikuwa mafua ya watu, yale yale yaliyopita mijini msimu ule. Bata hawakuwa na kitu. Sisi ndio tuliowaambukiza nguruwe.

Nilipanda basi kwenda kuwaeleza mwenyewe. Walisikiliza wakiwa wamesimama barabarani. Jirani aliuliza mara mbili kuhusu bata, nami nikamjibu mara mbili vile vile. Aliondoka bila kuaga.

Shangazi alikaa akilifikiria jambo lile. "Kwa hiyo ni sisi tulioleta," akasema.

"Ni sisi."

Mwaka ule hakutaka tena mtu mwenye mafua alishe nguruwe, hata awe mgeni wa heshima. Jike alipozaa, shangazi aliwachagua watoto wawili wakubwa, akanituma niwapeleke kwa jirani. Jirani aliwapokea, akawaangalia puani kwa makini, kisha akaniuliza kama mimi nina mafua.