Samaki wa Malaba na Kuponi ya Pamba

Tangu Jumamosi nazunguka mbali ili nisipite mbele ya hoteli ile ya Malaba.

Msimu huu kampuni ya pamba ilimlipa Baba kwa kuponi badala ya pesa. Alinipa moja ya shilingi mia nikanunue sabuni. Sasa, hapa Malaba mpakani watu hupokea noti za Kenya na za Uganda bila kuuliza, basi nikaona hata yangu itapita. Mimi nisiyesema kitu darasani, nikamkaribisha rafiki yangu Nekesa samaki na soda tulipotoka masomo ya Jumamosi.

Tulipomaliza, mama mwenye hoteli akaigeuza kuponi mara mbili.

“Dada, hii ni pesa ya nchi gani?”

“Ya kampuni ya pamba,” nikanong'ona.

Akamgeukia mwanamume wa meza ya pili. “Karani, si ni nyinyi mnatoa hizi? Nichukue?”

“Hiyo ni ya duka letu tu, mama.”

“Na wewe hapa unalipa na nini?”

Akatoa noti mpya. “Sisi wa ofisi tunalipwa pesa.”

Hoteli nzima ikacheka, hata Nekesa. Mama mwenye hoteli akanifunga aproni juu ya yunifomu, nilipe samaki kwa kazi. Karani akaagiza chai, na ni mimi niliyempelekea.