Tuta la Mbegu la Haja Shuul

Haja Shuul alilima mboga ya jirjiri ukingoni mwa Naili, kisiwani kwetu Tuti, tangu alipoolewa. Majani yake yana ukali wa pilipili, na bila hayo sahani ya maharage ya asubuhi hatuihesabu kuwa chakula. Mbegu alirithi kwa mama yake, naye mama kwa bibi. Wajawazito waliambiwa wayale waongeze damu, wazee kwa ajili ya mifupa. Yeye aliyala kila siku, ila magoti hayakusikia.

Mwaka ule kuinama kulimshinda. Akapanda matuta manne tu, na moja hakulikata, aliliacha lichanue lizae mbegu, ingawa jirjiri ikichanua majani huwa magumu na machungu. Mbegu ya dukani huota vizuri lakini haina ukali, na akiba yake ya nyumbani ililiwa na panya. Mbegu ya bibi ilibaki kwenye tuta lile tu.

Ndipo akafariki Sheikh Babikir, jirani yake, Mungu amrehemu. Kwetu nyumba ya msiba haiwashi moto siku tatu. Majirani hupeleka masinia, na mpishi wa msiba huchuma shamba lolote lililo karibu bila kubisha hodi. Haja akashinda na wafiwa. Siku ya pili sinia lililetwa na Buthaina, mke wa mpwa wake, aliyeolewa juzijuzi kutoka mjini. Haja akaona majani magumu, na ua jeupe limenasa kwenye kitunguu. Akajua.

Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba jirjiri ya leo imelelewa na mshubiri. Buthaina akasema aliona tuta limesahauliwa, akalikata lote. Haja akatia tonge mdomoni. Mmoja akamuuliza anawezaje uchungu ule.

"Kwani msiba una utamu gani?" akasema, akachukua jingine. Akala mpaka minong'ono ikaisha.

Alasiri nilimkuta shambani, kakaa chini, mbele yake vishina vya urefu wa kidole. Buthaina akaja analia. Alikuwa ameshaambiwa tuta lile lilikuwa la nini.

"Haja, nipige."

"Mkono wenyewe hauinuki, mwanangu. Chukua ndoo."

Akamwelekeza amwagilie shinani, si juu. Vikichipua kabla ya joto, huenda vikachanua. Visipochipua, mbegu zote ni za Mungu.

Buthaina alikwenda mtoni mara kumi na nne. Aliporudi mara ya mwisho, Haja alikuwa amepitiwa na usingizi palepale kwenye udongo, nasi hatukumwamsha.